Kupumzika Baada ya Operesheni Si Kulala Tu

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama, Voi)



Mwenzetu akipasuliwa, iwe hapa Voi katika Hospitali ya Rufaa ya Moi au huko Mombasa, sisi sote humwambia neno moja: "Lala, usijisumbue." Neno hilo ni la upendo, lakini likifuatwa kupita kiasi laweza kumwua mtu. Nitawaeleza sababu.

Mkulima wa Taveta anayemwagilia migomba yake ajua kwamba maji yakisimama mferejini, taka hukusanyika na mfereji huziba. Damu nayo ni hivyo. Mtu akitembea, misuli ya miguu hukaza na kulegea, ikiisukuma damu irudi moyoni. Akilala siku nyingi bila kujitikisa, damu huenda polepole. Tena mwili uliokatwa huigandisha damu upesi ili kidonda kifunge. Hilo ni jema kidondani, lakini ni baya ndani ya mshipa. Donge likiganda mguuni laweza kukatika, likasafiri na kuziba mapafu. Hapo mtu aweza kufa ghafula.

Basi tufanye nini?

Kwanza, kabla ya operesheni mwambie daktari kama wewe au jamaa yako mmewahi kuganda damu, kama wavuta sigara, na dawa zote unazotumia, hata za miti shamba na vidonge vya uzazi.

Pili, ukiruhusiwa, simama utembee mapema, hata hatua chache kando ya kitanda. Ukiwa umelala, kunja na kunyosha vifundo vya miguu mara kwa mara. Mama aliyejifungua kwa kupasuliwa naye afanye hivyo.

Tatu, ukiruhusiwa kunywa, kunywa maji ya kutosha. Joto la Voi mwalijua.

Nne, ukipewa sindano au vidonge vya kuzuia damu kuganda, au soksi za kubana, vitumie mpaka mwisho. Usijiongezee aspirini kwa shauri lako.

Tano, kabla ya safari ndefu muulize daktari. Basi likisimama njiani, shuka unyoshe miguu.

Mguu mmoja ukivimba, ukauma au ukawa na joto, usiuchue. Nenda hospitali siku ile ile. Pumzi ikikatika, kifua kikiuma, ukikohoa damu au ukizimia, upelekwe mara moja.

Sasa neno la haki zetu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, humpa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12, akiwa na cheti cha daktari. Jumla ni siku 14. Lakini hatari ya donge haiishi siku ya 14. Yaweza kudumu majuma mengi. Kwa hiyo someni mapatano yenu ya kazi. Kama hayazidi sheria, wajumbe wetu wadai zaidi.

Mkata mkonge wa Mwatate asirudishwe shambani na njaa kabla daktari hajamruhusu. Msimamizi akimwita mapema, mjumbe wa chama apewe habari siku ile ile. Nasi majirani, tukienda kumtazama mgonjwa aliyeruhusiwa kutembea, tumshike mkono tumtembeze uani.