Tarehe, Jalada na Mlango wa Kuanzia

Mlinzi wa ghala ameachishwa kazi bila barua. Anampigia simu meneja, anaambiwa asubiri. Anawaeleza ndugu, wanamshauri avute subira. Siku anapofika kwenye ofisi ya msaada wa kisheria, siku 40 zimeshapita. Taratibu za kazi nchini Tanzania zinampa siku 30 tu tangu kuachishwa kazi awe ameufikisha mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ambayo wengi wanaijua kwa jina la CMA. Bado hajapoteza kila kitu. Anaweza kuomba asikilizwe nje ya muda, ila atatakiwa kueleza sababu ya kila siku aliyochelewa.

Aliyempokea mezani si wakili. Ni msaidizi wa kisheria, na kusikilizwa kwa mlinzi huyu kutategemea sana yale msaidizi huyo aliyofundishwa.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua rasmi wasaidizi hawa Tanzania Bara, na Zanzibar ikatunga ya kwake mwaka 2018. Husajiliwa, hutoa huduma bila malipo, na hawaruhusiwi kusimama mahakamani kama mawakili. Huelimisha, huelekeza, husaidia kuandaa nyaraka. Wapo waliosoma cheti au stashahada ya sheria, kwa mfano pale Chuo cha Uongozi wa Mahakama, Lushoto. Wapo pia waliopikwa kwenye mafunzo ya mashirika ya kiraia.

Masomo yenyewe yanafahamika: katiba, mikataba, jinai, ushahidi, ardhi, ndoa, mirathi. Yote yanahitajika. Tatizo ni jinsi yanavyofundishwa na kutahiniwa. Mwanafunzi anaweza kuorodhesha masharti ya mkataba halali bila kukosea, halafu ashindwe kuandika maelezo ya mteja ya ukurasa mmoja yenye tarehe, majina na kiasi kinachodaiwa. Mlinzi wetu hana shida na orodha ya masharti. Anahitaji mtu wa kumuuliza: uliambiwa lini usirudi kazini, nani alikuambia, nani alikuwepo, mshahara wa mwisho ulilipwa tarehe ngapi? Kisha majibu hayo yaandikwe kwa mpangilio na yatunzwe kwenye jalada.

Chukua pia kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, rufaa ya mwaka 1983, ambayo hakuna anayesoma Sheria ya Ndoa ya 1971 asiyekutana nayo. Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Hapo ndipo madesa mengi yanapoishia. Yanaacha kwamba Bi Hawa mwenyewe aliondoka bila mgawo, kwa kuwa mahakama iliona alishapewa fedha na mumewe za kuanzishia mradi akazitumia ovyo. Msaidizi aliyesoma nusu ya hukumu humjaza mteja matumaini. Aliyeisoma yote humuuliza mapema kuhusu fedha zilizopita mikononi mwake, na humkumbusha kwamba kabla ya kufungua shauri la talaka, kwa kawaida lazima apitie kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa.

Na madesa huchakaa. Hadi mwaka 2021, mabaraza ya kata yaliamua migogoro ya ardhi isiyozidi thamani ya shilingi milioni 3. Marekebisho ya mwaka huo yaliyaondolea mamlaka ya kuamua, yakabakiziwa kusuluhisha. Anayesomea karatasi za zamani atampeleka mjane kwenye kata kutafuta hukumu ambayo kata haiwezi kuitoa, nauli itaisha na shamba litaendelea kulimwa na shemeji.

Kuna njia nyingine ya kufundisha, na jirani zetu wameijaribu. Nchini Kenya, shirika la Kituo cha Sheria limewafundisha usaidizi wa kisheria wafungwa wa gereza la Kamiti, watu ambao kwao somo na shida vinakaa chumba kimoja. Anayejifunza kuandaa hoja za rufaa huku mwenzake wa kitanda cha pili akisubiri kuzipeleka hana nafasi ya kukariri tu.

Vyuo vyetu vina uwezo wa kuanza muhula ujao. Mtihani wa mwisho uwe na mteja wa kuigiza mwenye hadithi ndefu isiyo na mpangilio, fomu halisi ya CMA, kalenda na saa moja. Mwanafunzi amsikilize, ahesabu siku, aseme mlango wa kuanzia, ajaze fomu. Mkufunzi asahihishe tarehe kwa ukali ule ule anaosahihishia vifungu. Na kabla ya cheti kutolewa, kila mmoja awe ameketi wiki kadhaa kwenye ofisi ya msaada wa kisheria, chini ya mtu mzoefu, akifungua majalada ya watu halisi na kuyafuatilia mpaka yapate jibu.