Tende Yako Imekunywa Maji ya Nani?



Hiyo tende unayofungulia, umewahi kujiuliza imekunywa maji ya nani? Kule Nizwa, Oman, maji hutoka ardhini kwa mtaro uitwao falaj. Hayavutwi na pampu, yateremka yenyewe. Kwanza huwafikia watu na msikiti, ndipo yaende mashambani. Huko kila mkulima ana zamu yake. Nusu saa huitwa athar. Zamani ilipimwa kwa kivuli mchana na kwa nyota usiku. Ikiisha unafunga, jirani afungue. Na maji yayo hayo hunywesha mtende juu, mndimu kivulini mwake, na majani ya mbuzi chini. Samadi ya mbuzi nayo hurudi shambani. Hakipotei kitu!

Aflaj kama 3,000 zilikuwa zikitumika UNESCO ilipoziingiza tano katika Urithi wa Dunia, mwaka 2006. Lakini visima vya pampu vikivuta kupita kiasi, maji ya chini hushuka na falaj ya jirani hukauka.

Basi ndugu yangu, ukiacha mfereji wazi ukitia udhu, ni zamu ya nani unayoimwaga?

Wabillahi tawfiq.