Safari ya Udaktari Huanza Kidato cha Tatu



Tumeombwa tuseme neno juu ya vijana wanaotamani udaktari. Sisi ni wafanyabiashara, na masomo yetu yaliishia sekondari. Hata hivyo tumesomesha watoto, tumelipa ada, na tumesikiliza ushauri mwingi uliotolewa sebuleni kwetu. Ushauri mmoja tungependa kuupinga leo.

Ndugu zetu walioko Marekani hutupigia simu na kusema, mwacheni mtoto asome kwanza shahada ya biolojia au kemia, udaktari utafuata. Kwao ni kweli. Huko kijana husoma shahada ya kwanza kwa miaka minne, hufanya mtihani uitwao MCAT, ndipo aanze miaka mingine minne ya udaktari. Nchini kwetu mpango ni mwingine. Mhitimu wa kidato cha sita mwenye ufaulu unaotakiwa katika Fizikia, Kemia na Biolojia huomba moja kwa moja Muhimbili, KCMC Moshi, Bugando Mwanza au Dodoma. Husoma miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Aliyetangulia kuchukua shahada ya biolojia naye anaweza kuomba, lakini akipokewa huketi mwaka wa kwanza pamoja na hao waliotoka kidato cha sita, na miaka aliyokwisha kuisoma haimpunguzii ile mitano. Ikiwa mwanao tayari yuko kwenye shahada hiyo, asikate tamaa. Asome fiziolojia na biokemia kwa bidii, naye autazame mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka ule ule anaoomba, maana masharti hubadilika.

Maana ya hayo, wazazi wenzetu, ni kwamba miaka ambayo Mmarekani hujiandaa chuoni, mtoto wa Makambako hujiandaa shuleni. Mlango wenyewe uko kidato cha tatu, pale mwanafunzi anapochagua kuendelea na Fizikia na Kemia au kuziacha. Wengi huziacha bila mtu mzima yeyote wa nyumbani kuulizwa.

Vijana hutuuliza, hesabu za nini kwa daktari? Swali hilo mfanyabiashara analiweza. Mtoto ana uzito wa kilo 12. Dawa ya homa, parasetamoli, tuseme inatolewa miligramu 15 kwa kila kilo. Basi anahitaji miligramu 180. Chupa imeandikwa miligramu 120 katika mililita 5. Apewe mililita ngapi? Saba na nusu. Dukani ukikosea hesabu kama hiyo, mteja hurudi kesho kudai chenji. Kwa hiyo somo la hisabati tumizi, lile ambalo wanafunzi wa PCB huliita BAM na kulidharau kwa kuwa ni dogo, lisidharauliwe.

Liko pia jambo la maabara. Katika mtihani wa kidato cha sita, kila moja ya masomo hayo matatu lina karatasi ya vitendo. Rangi inayogeuka kwa tone moja la asidi haifundishiki kwa kusimuliwa. Kijana huijua kwa kuiona mara nyingi kwa macho yake. Mazoezi hayo hufanywa mchana, na hapa tuseme wazi juu ya maduka yetu. Mtoto anayeshika kaunta tangu saa tisa hadi saa mbili usiku hapati mazoezi, wala hana nguvu ya kufungua kitabu. Siku ya Diwali tunaziweka daftari za biashara mbele ya Lakshmi na Saraswati zibarikiwe. Daftari la kemia nalo lina haki ya kuwekwa pale, na baada ya kuwekwa, lina haki ya kusomwa.

Wale ambao alama hazikutosha wasidhani wameachwa. Stashahada ya utabibu ni miaka mitatu baada ya kidato cha nne, na tabibu aliyeifaulu vizuri anaweza baadaye kuomba shahada ya udaktari. Tena huyo anakwenda chuoni akiwa amekwisha kuwagusa wagonjwa.

Nao wagonjwa hawapungui. Makambako ndipo barabara ya Songea inapoachana na ile ya Dar es Salaam na Mbeya, na reli ya TAZARA inapita papo hapo. Ajali tunazijua sote. Daktari atakayempokea dereva usiku huenda leo yuko kidato cha pili, na si lazima awe wa jamii yetu.

Kwa sababu hiyo kamati imekubali sehemu ya michango ya maadhimisho haya isiingie katika chakula. Ukumbi wa hekalu utafunguliwa kila Jumamosi baada ya arti ya asubuhi hadi jioni, wenye taa, meza na mwalimu wa kemia, kwa mwanafunzi yeyote wa sayansi, wa dini yoyote, kuanzia kidato cha tatu. Ada haitozwi. Wazazi waandikishe majina kwa katibu kabla ya Diwali, na wenye maduka wawape ruhusa watoto wao na watoto wa wafanyakazi wao.