Kupimwa ni Lazima, Masomo ya Likizo ni Hiari: Wanafunzi Wanaojifunza Kiingereza Texas

Katika shule za umma za Marekani wamo wanafunzi wapatao milioni tano ambao bado hawajakimudu Kiingereza kiasi cha kufuata masomo bila msaada. Miongoni mwao wamo wazungumzaji wa Kiswahili, hasa watoto wa wakimbizi kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Katika mwaka wa bajeti wa 2016 pekee Marekani iliwapokea Wakongomani zaidi ya 16,000, na jimbo la Texas ni mojawapo ya majimbo walikopelekwa.

Haki ya watoto hawa ilithibitishwa mwaka 1974. Katika shauri lililotoka San Francisco, Mahakama Kuu ya Marekani iliambiwa kuwa wanafunzi wa asili ya Kichina karibu 1,800 waliketi darasani bila msaada wowote wa lugha. Majaji waliamua kwa kauli moja kwamba kumpa mtoto kitabu kile kile na mwalimu yule yule wanaopewa wenzake si usawa, ikiwa haelewi lugha inayosemwa. Mwaka 1981, katika kesi ya familia ya Raymondville, Texas, mahakama ya rufani iliongeza kwamba haitoshi shule kuwa na mpango mzuri kwenye karatasi. Lazima iutengee walimu na nyenzo, na mpango huo uonekane unaleta matokeo.

Hapo ndipo suala la fedha linapoingia. Tangu sheria ya elimu iliyotiwa saini Januari 2002, na ile iliyochukua nafasi yake Desemba 2015, kila jimbo linatakiwa kuwapima wanafunzi hao umahiri wa Kiingereza kila mwaka, katika kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Hakuna mwanafunzi wa kundi hilo anayeachwa. Hata mzazi akikataa mtoto wake asiingizwe katika mpango wa lugha, mtoto atapimwa vivyo hivyo.

Serikali kuu hutoa pia ruzuku maalumu kwa ajili ya wanafunzi hao, ambayo mwaka 2024 ilikuwa dola milioni 890 hivi kwa nchi nzima. Masharti yake ni kwamba fedha hizo ni za kuongeza juu ya kile ambacho shule inalazimika kukifanya, si za kukilipia. Kwa hiyo haziwezi kugharimia mtihani wa kila mwaka, kwa kuwa mtihani huo ni wajibu wa sheria, lakini zinaweza kugharimia masomo ya ziada, yakiwemo ya likizo.

Texas nayo ina kanuni zake. Kwa kila mwanafunzi aliyemo katika mpango wa lugha, wilaya ya shule huongezewa angalau asilimia kumi ya mgao wa msingi. Mgao huo ulipokuwa dola 6,160, kiwango kilichowekwa mwaka 2019, nyongeza ilikuwa angalau dola 616 kwa mwaka. Mtoto ambaye mzazi wake ameukataa mpango hahesabiwi katika nyongeza hiyo.

Kuhusu likizo ya kiangazi, sheria ya Texas inaziagiza wilaya zinazowajibika kutoa elimu kwa lugha mbili ziandae masomo kwa watoto wanaokaribia kuanza chekechea au darasa la kwanza. Masomo hayo ni ya nusu siku kwa wiki nane, au jumla ya saa 120, na mzazi ndiye anayeamua kama mtoto atahudhuria. Kwa wanafunzi wa madarasa ya juu, sheria inaziruhusu wilaya kuandaa masomo kama hayo, lakini haizilazimishi.

Tofauti hiyo kati ya lazima na ruhusa ina uzito mkubwa. Mtoto wa miaka mitano ana muda mbele yake. Kijana wa miaka kumi na minne aliyetoka kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, alisoma kwa Kifaransa kwa kufuata mtaala wa Kongo, na nyumbani alizungumza Kiswahili. Watafiti wengi wanakadiria kuwa Kiingereza cha masomo huchukua miaka mitano hadi saba kukomaa, naye amebakiza miaka minne tu kumaliza sekondari. Mtihani utamweleza kila mwaka umbali alionao, lakini miezi ya kiangazi, ambayo ingempunguzia umbali huo, inategemea uamuzi wa wilaya na hali ya mfuko wake.

Na mfuko wenyewe hautabiriki. Fedha za dharura zilizoidhinishwa mwaka 2021 baada ya janga la korona, ambazo sehemu yake ilitengwa mahususi kwa masomo ya kiangazi, zilifikia ukomo wa kupangiwa matumizi Septemba 2024. Kisha Julai mosi 2025 serikali kuu ilizuia fedha za elimu zaidi ya dola bilioni sita, zikiwemo za wanaojifunza Kiingereza na za masomo ya baada ya saa za shule na ya kiangazi. Ziliachiwa katika nusu ya pili ya mwezi huo, wakati likizo ilikuwa imekwisha kusonga. Katika kipindi chote hicho, wajibu wa kupima haukuguswa.

Wanaotetea mitihani wana hoja ya haki. Bila kipimo, shule zingeweza kuwasahau watoto hawa, kama ilivyokuwa kabla ya 1974. Hata hivyo mgonjwa aliyepimwa homa hajatibiwa, na mahakama ya mwaka 1981 ilidai matokeo, si takwimu peke yake.

Mzazi wa Kiswahili aliyeko Houston au Fort Worth ana haki ya kupewa taarifa za mtoto wake kwa lugha anayoielewa, kadiri inavyowezekana. Anapopokea matokeo ya mtihani, anaweza pia kuiuliza shule ni masomo gani ya kiangazi yatakayofuata, na yatalipiwa na mfuko upi.