Kuhariri kwa Ajili ya Skrini Kubwa: Mada kwa Wahariri Chipukizi wa Filamu



Nimeombwa nizungumzie ajira katika kazi zinazofuata baada ya upigaji picha, hususan kwa filamu za skrini kubwa. Vijana wengi wanaoniuliza habari za kazi hii huanza na kompyuta: ninunue ipi, nitumie programu gani? Nadhani tuanze na uamuzi, na mfano wangu ni Toni Myers wa Kanada, mhariri wa filamu za IMAX, mfumo wa skrini kubwa.

IMAX ilionekana kwa mara ya kwanza Osaka, Japani, katika maonyesho ya Expo 70. Wakanada walioibuni waliulaza mkanda wa milimita 70 upite kiubavu badala ya kushuka wima, kila fremu ikachukua matundu 15 ya pembeni mwa mkanda. Picha ikawa kubwa takriban mara tisa ya ile ya milimita 35, na mkanda ukaliwa kwa kasi ya kutisha: zaidi ya mita 100 kwa dakika.

Myers aliingia mapema. Alihariri North of Superior ya mwaka 1971, kisha The Dream Is Alive ya 1985, ambayo sehemu kubwa ya picha zake za angani ilipigwa na wanaanga wenyewe. Hubble 3D, iliyotoka 2010, aliiongoza mwenyewe. Kwa filamu hiyo, kamera iliyofungwa katika sehemu ya mizigo ya chombo cha anga ilibeba mkanda wa kilomita 1.6 hivi. Hizo ni dakika nane tu, maana picha za 3D hula mkanda maradufu. Ukiisha umeisha, hakuna wa kupanda juu kubadilisha. Kwa hiyo shoti zilipaswa kuchaguliwa kabla kamera haijawashwa, na wanaanga kufundishwa kupiga picha wakiwa bado duniani. Mhariri anayesubiri kuletewa diski mezani angefanya nini hapo?

Halafu kuna jicho la mtazamaji. Kwenye simu, jicho linaiona fremu nzima kwa mara moja. Mbele ya skrini yenye kimo cha ghorofa kadhaa, linasafiri. Ukimwonyesha ndege chini kushoto, ukakata ghafla kwenda kwenye uso ulio juu kulia, shoti itapita kabla mtazamaji hajaufikia. Mikato ya harakaharaka tuliyoizoea kwenye video za muziki hapo huleta kizunguzungu. Walter Murch, mmoja wa wahariri wa Apocalypse Now, alikuwa akikata vijitu vya karatasi na kuvibandika kando ya skrini yake ya kuhariria, ili akumbuke ukubwa wa picha mbele ya watu ukumbini. Jambo hilo halina gharama, na sijui kwa nini hatulifanyi.

Msidhani kazi za mikono zimekwisha. Oppenheimer ya 2023 ilihaririwa na Jennifer Lame kwenye kompyuta, lakini negativi yake ilikatwa na kuungwa kwa mikono, kwa kufuata namba zilizo pembeni mwa mkanda. Ukikosea hapo hakuna kitufe cha kurudisha nyuma. Nakala yake ya IMAX ilikuwa na urefu wa kilomita 18 hivi na uzito wa kilo 270.

Kazi hizi huanzia chini, kwa msaidizi wa mhariri: kuyapa mafaili majina kwa mpangilio, kuoanisha sauti na picha, kutunza nakala za akiba. Wengi hukimbia hatua hiyo kwa kuwa haina jina kwenye bango. Lakini msaidizi ndiye anayeziona picha zote, hata zilizotupwa, na huko ndiko mtu anakojifunza kuamua.

Kwa hiyo naviomba vyuo vyetu vya filamu: mwanafunzi asipewe cheti kabla kazi yake haijaonyeshwa ukumbini walau mara moja, naye ameketi katikati ya watazamaji, akiwaangalia wao na siyo skrini. Kukodi ukumbi kwa asubuhi moja ni gharama ndogo kuliko kununua kamera mpya.