Promota Fupi, Ubongo wa Mtoto: Kipimo katika Tiba ya Jeni



Jioni hii nitazungumzia kipande cha DNA chenye besi 229. Jenomu ya binadamu ina besi bilioni tatu hivi, kwa hiyo kwa urefu hakihesabiki. Hata hivyo, kipande cha namna hiyo kinaweza kuamua kama tiba ya jeni itamsaidia msichana mwenye ugonjwa wa Rett au itamzidishia maradhi.

Ugonjwa huo ulielezwa mwaka 1966 na Andreas Rett, daktari wa Vienna. Mtoto huzaliwa salama, hukua, huanza kushika vitu na kutamka maneno. Kisha, mara nyingi kati ya miezi 6 na 18, aliyojifunza huanza kumtoka: mikono huacha kushika na kubaki ikijisugua, maneno hupotea, wengi hupata degedege. Mwaka 1999 maabara ya Huda Zoghbi huko Houston ilibaini chanzo chake, nacho ni hitilafu katika jeni ya MECP2 iliyo kwenye kromosomu X. Mwaka 2007 kundi la Adrian Bird, Edinburgh, likaonyesha kwamba hata panya waliokwisha kuugua hupata nafuu kubwa jeni hiyo ikirudishwa kazini. Seli zao za neva zilikuwa hai bado, zimepungukiwa protini tu. Sijui ugunduzi mwingine wa fani yetu uliowapa wazazi tumaini kiasi hicho.

Jeni hurudishwa kwa kubebwa na virusi vidogo viitwavyo AAV. Aina ya 9 hupenya kutoka kwenye damu hadi ubongoni, na ndiyo inayobeba Zolgensma, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa watoto ambao neva za uti wa mgongo hufa na misuli ikanyong'onyea. Lakini AAV hubeba besi 4,700 hivi, basi. Na ile ya nyuzi pacha, inayoanza kazi mapema zaidi, hubeba nusu yake. Maelekezo ya protini ya MECP2 peke yake hula besi kama 1,500. Toa na ncha mbili za virusi, toa na kipande cha kumalizia ujumbe wa RNA, na promota inabakiwa na besi mia chache.

Promota ni mahali ambapo vimeng'enya vya kunakili jeni hutua. Ndani ya kromosomu husaidiwa na enhansa, vipande vinavyoweza kuwa mbali kwa mamia ya maelfu ya besi, ila DNA hujikunja hadi vikaifikia. Virusi havina nafasi ya umbali huo. Ndiyo maana kufupisha promota si kupunguza kitambaa kilichozidi: ni lazima ujue besi zipi hushikwa na protini zipi, katika seli ipi. Tunalinganisha DNA ya binadamu na ya panya, kwa kuwa kilichodumu mamilioni ya miaka aghalabu kina kazi. Tunatafuta sehemu zilizo wazi katika seli ya neva na zilizofungwa katika seli ya ini. Kisha tunajaribu, na mara nyingi tunashindwa. Kwa njia hiyo promota ya astrosaiti, seli saidizi za ubongo, ilishushwa kutoka besi 2,200 hadi 681 ikaendelea kufanya kazi.

Sasa nirudi kwa msichana wetu, maana hapa ndipo ufupi unapoacha kuwa sifa. Kila seli yake hutumia kromosomu X moja tu kati ya mbili. Ubongoni mwake, basi, seli nzima na seli pungufu zimechanganyika, karibu nusu kwa nusu, na virusi haviwezi kuzibagua. Seli nzima ikiongezewa jeni, protini huzidi. Madhara ya kuzidi tunayajua: wapo watoto, wengi wao wavulana, wanaozaliwa na MECP2 mara mbili, wakawa na misuli legevu, ulemavu wa akili, kifafa na maambukizi yasiyokoma. Promota zenye nguvu nyingi, ambazo maabara huzitumia kwa mazoea, hazifai hapa.

Zile besi 229 zilichukuliwa kwenye promota ya jeni ya MECP2 yenyewe ili zifuate mwenendo wake wa asili. Lakini panya waliodungwa kwenye mshipa virusi vilivyobeba promota hiyo walipata madhara ya ini. Mwaka 2017 kundi la Stuart Cobb, Glasgow, liliirefusha promota hadi besi 426 na kuongeza vituo vya RNA ndogo zinazozuia protini isizidi. Mzigo kwa ini ukapungua. Mwaka 2021 Sarah Sinnett na Steven Gray, Dallas, wakaunda kidhibiti kinachobana uzalishaji pale MECP2 inapokuwa nyingi. Besi zilizoongezwa ndizo zilizosogeza kazi mbele.

Majaribio mengi ya mwanzo hufanywa kwa panya dume wasio na Mecp2 kabisa, kwa sababu huugua haraka. Panya hao hawana hata seli moja nzima inayoweza kuzidishiwa. AAV ikishaingia haitolewi, na kingamwili zinazofuata huzuia dozi ya pili. Kwa hiyo naomba promota yoyote inayokusudiwa wasichana ijaribiwe kwanza kwa panya majike wenye seli mchanganyiko, na wafuatiliwe hadi uzee wao.