Ghala Lililo Ndani ya Ini



Tumezoea kusema, "Mimi sili nyama ya mafuta, kolesteroli hainihusu." Sivyo, jamani. Mwili hutengeneza kolesteroli yake wenyewe, hasa kwenye ini, maana kila seli huihitaji ili kujenga utando wake.

Tufikirie ghala la mahindi. Likijaa, mtunza ghala hutulia. Likipungua, huagiza. Ndani ya seli, mtunza ghala ni protini. Kolesteroli ikiwa nyingi, protini hiyo huzuiwa. Ikipungua, hukatwa, na kipande chake huingia katika kiini cha seli na kuamsha jeni: nyingine za kutengeneza kolesteroli, nyingine za kuivuta kutoka kwenye damu.

Mwaka 1971 watafiti walieleza kwamba Wamasai, walipolishwa kolesteroli nyingi, miili yao ilipunguza sana kutengeneza yake. Lakini miili haifanani. Wengine huzaliwa na jeni yenye kasoro, na damu yao hujaa kolesteroli hata wakila mboga tu.

Dawa za statini huzuia ini kutengeneza. Ini likiona ghala limepungua, huvuta kolesteroli kutoka kwenye damu. Ukiziacha, ini hurudia kazi yake ya zamani, nawe husikii lolote, kwa sababu kolesteroli haiumi.

Basi aliyeandikiwa dawa asiziache eti kwa sababu anajisikia mzima. Amwulize daktari kwanza. Nasi tukikutana kikundini, tukumbushane.